Nilivyoacha tyubu ya kijani

Kwa miaka minne nilichora miti, na kwa miaka yote minne miti yangu ilikufa kabla rangi haijakauka. Mashina hayakunipa shida. Anga niliimudu, ardhi niliimudu, hata maji yaliyotulia niliyapatia. Nikifika kwenye majani, picha nzima inaporomoka. Majani yalikuwa ya kijani, hilo halina ubishi, lakini kilikuwa kijani kimoja kilichotandazwa kama zulia, juu kimepaushwa kidogo na chini kimetiwa giza kidogo. Ukiyatazama huoni upepo, huoni jua, huoni unyevu.

Siku moja mtoto wa kaka yangu, wakati huo ana miaka saba, alisimama nyuma yangu nikimalizia mwembe ulio nyuma ya nyumba. Akautazama mti, akaitazama kanvasi, akarudi kuutazama mti.

"Baba mdogo, huu wako ni wa plastiki?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Alidhani kuna mti mwingine ninaouchora ambao yeye hajauona. Nikamwambia hapana mama, ni huu huu. Akanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu mtoto alikuwa amelitaja neno ambalo mimi nililitafuta muda wote huo nikalikosa.

Naandika jinsi nilivyotoka hapo kwa sababu naona wengi wanaoanza kuchora mandhari wanakwama palepale, na ushauri wanaopewa ni kununua rangi zaidi. Mimi nilinunua. Nilianza na tyubu moja ya kijani, nikaona labda haitoshi, mwisho nikawa nazo tano. Kulikuwa na viridiani, kulikuwa na kijani cha thalo, kulikuwa na zile ambazo kiwanda kimeshakuchanganyia na kuziandika "kijani cha majani" kana kwamba majani yote ya dunia yalikaa kikao yakakubaliana. Picha zikazidi kuharibika. Kijani cha thalo kina nguvu isiyo ya kawaida: kiasi cha punje ya mchele kinameza kilima kizima cha rangi nyeupe, na kikishaingia kwenye mchanganyiko hakitoki. Ni rangi safi mno. Jani la kweli si safi hivyo. Klorofili humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa bluu na kuachia kijani zaidi kirudi machoni petu, lakini haimezi vyote. Katika kile kinachorudi mna wekundu kidogo, mna ukijivu, na kile kidogo ndicho kinachofanya jani lionekane lina uhai.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo nimelifikiria sana nikiwa nimekaa chini ya ule mti. Sisi rangi hii tumeipa jina la jani lenyewe. Kijani. Na wazee wetu walisema chanikiwiti, maana yake jani bichi. Ni jina zuri, na kwa mchoraji ni mtego, kwa sababu ukishasema kijani unajiona umeshamaliza kulieleza jani. Mimi nilikuwa nachora neno. Mti ulikuwa umesimama mbele yangu na mimi nachora neno.

Aliyenifungua macho ni mtu aliyekufa mwaka 1837.

Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu kikubwa cha picha za John Constable, mchoraji wa Kiingereza, nikivutiwa na picha moja tu ya jalada. Nilipoanza kusoma maisha yake sikukiweka chini. Alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk. Baba yake alikuwa mwenye vinu vya kusaga nafaka, na kijana alifanya kazi vinuni kabla ya kukubaliwa kwenda kusomea uchoraji London mwaka 1799. Fikiria maana yake. Mtu anayesimamia kinu cha upepo hana anasa ya kulitazama wingu kwa sababu ni zuri. Analitazama ajue upepo unageukia wapi, na mvua itafika saa ngapi. Naamini jicho lake lilifundishwa pale kabla ya shule yoyote.

Ujanani alikuwa akitoka kwenda kuchora na jirani yake, John Dunthorne, fundi wa mabomba na vioo. Wanaweka stendi zao mbele ya kitu kimoja, kwa saa ileile. Vivuli vikihama, wanafunga vyombo na kurudi kesho yake. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilirudia kuisoma mara tatu. Mimi nilikuwa naanza picha asubuhi na kuimaliza jioni. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo katika picha yangu moja kulikuwa na asubuhi, adhuhuri na alasiri zinagombana kwenye tawi moja.

Kisha mawingu. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, kilimani kando ya London, Constable alikaa akichora anga peke yake, kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi. Mwaka 1822 peke yake aliandika kwamba amefanya karibu picha 50 za anga. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na hali ya hewa ilikuwaje. Picha hizo hakuzitengeneza kwa maonyesho. Alikuwa anakusanya ushahidi.

Na kijani je? Hapo ndipo nilipokaa wima. Zama zile watu wenye fedha na elimu walitaka mandhari ya hudhurungi, kama michoro ya mabwana wa kale iliyotiwa giza na vanishi. Rafiki na mfadhili wake, Sir George Beaumont, alimpendekezea rangi ya fidla kuukuu iwe ndiyo rangi kuu ya picha. Inasimuliwa kwamba Constable alichukua fidla kuukuu akailaza juu ya majani mabichi ya uwanjani, mambo yajieleze yenyewe. Mwaka 1830, wakati huo yeye mwenyewe ni mwanachama kamili wa Royal Academy, chama kikuu cha wasanii cha Uingereza, na yumo kwenye kamati ya kuchagua picha za maonyesho, mandhari yake moja ya mbuga karibu na Salisbury iliingia kwa bahati mbaya kwenye rundo la picha za watu wa nje. Wenzake wakaikataa bila kujua ni ya nani, wakilalamikia ukijani wake. Alinyamaza mpaka wamalize. Walipogundua wakataka kuirudisha, akakataa, akaondoka nayo. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Aliyeielewa siri yake ni Mfaransa. Picha yake kubwa ya gari la nyasi linalovuka mto, The Hay Wain, haikupata mnunuzi ilipoonyeshwa London mwaka 1821. Ilipopelekwa Salon ya Paris, maonyesho makubwa ya sanaa ya Ufaransa, mwaka 1824 ilipata medali ya dhahabu. Mchoraji Eugène Delacroix aliiona. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1846, Delacroix aliandika kwenye shajara yake kwamba ubora wa kijani cha mbuga za Constable unatokana na kuundwa kwa kijani nyingi tofauti zilizowekwa pamoja, na kwamba wachoraji wa kawaida hukosa uhai kwa sababu hupaka kijani kimoja kwa usawa.

Nilifunga kitabu. Huyo mchoraji wa kawaida alikuwa mimi.

Kitu kimoja zaidi kilinisukuma. Tyubu za rangi za bati, zile za kuminya, zilisajiliwa na mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, mwaka 1841. Constable alikuwa kaburini kwa miaka minne. Rangi zake zilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, unatoboa kwa pini, unaminya, unaziba. Viridiani, niliyoitegemea mimi, ilikuja kupata hataza mwaka 1859. Ukijani ule wote uliowaudhi wenzake ulitoka kwa kiasi kikubwa kwenye bluu na njano zilizochanganywa kwa mkono, na udongo.

Kesho yake nikazifunga zile tyubu tano kwa mkanda, nikampa mke wangu, nikamwomba azifiche na asinirudishie hata nikimbembeleza. Nilijiwekea sharti: mti mmoja tu, ule ule mwembe, saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili na nusu, halafu basi, na kijani chochote nitakachotumia nikitengeneze mwenyewe. Kwenye paleti, ubao wangu wa kuchanganyia rangi, nikabaki na nyeupe, njano ya kadmiamu iliyofifia, njano ya udongo, siena iliyochomwa (udongo wa hudhurungi yenye wekundu), nyekundu moja ya zambarau-zambarau, bluu ya altramarini, bluu ya Prussia na nyeusi.

Siku ya kwanza sikuchora mti. Nilichuma jani moja nikakaa nalo saa nzima.

Nililishika likitazama jua, na uso wake wa juu, ule unaong'aa kama ulipakwa nta, haukuwa wa kijani. Ulikuwa mweupe wenye ubluu, kwa sababu ulikuwa unaakisi anga. Nikaliinamisha kidogo tu, anga ikatoka juu yake, likawa zeituni iliyokolea, karibu nyeusi. Nikaliinua baina ya jicho langu na jua, likawaka njano kama ndimu iliyoiva, mshipa wa katikati umesimama kama uti wa mgongo na vijishipa vinatoka pembeni kama mbavu. Nikaligeuza mgongo: kijani kilichofifia, kikavu, chenye vumbi la kijivu. Jani moja, bila mimi kuinuka kitini, limenipa rangi nne, na mbili kati ya hizo hazikuwa kijani kabisa.

Halafu nikainua macho kwenye ncha za matawi. Mwembe ulikuwa umechipua. Majani machanga yalikuwa yananing'inia malegevu kama vitambaa vilivyoloweshwa, na yalikuwa mekundu. Shaba, na mengine zambarau. Mashada mazima, mti mzima juu umevaa wekundu ule, na mimi kwa miaka minne niliyapaka kijani kwa sababu nilijua majani ni ya kijani. Nilihisi uchungu wa kweli, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimwita jirani yake kwa jina lisilo lake.

Kuanzia siku ya pili nikaanza kadi ndogo, za ukubwa wa kiganja. Kazi ya kila kadi ni mabaka tu: rangi ya sehemu inayopigwa na jua, ya sehemu inayoakisi anga, ya sehemu ambayo jua linapenya, ya kivuli, na ya uwazi baina ya matawi. Sikuchora umbo la jani hata moja. Nyuma niliandika siku, saa, upepo na anga ikoje, kama yule mtoto wa mwenye kinu.

Mbinu mbili zilinisaidia kuliko zote. Ya kwanza ni kipande cha kadi ya kijivu chenye tundu la ukubwa wa punje ya dengu. Unalitazama baka kupitia tundu lile, unalitenga na jirani zake, na ghafla unaona rangi yake halisi badala ya ile ambayo akili inakuambia. Kivuli cha ndani ya mwembe, nilichokipaka kijani cheusi miaka yote, kupitia tundu kilikuwa kahawia yenye wekundu. Ya pili ni kuchota rangi niliyochanganya kwa ncha ya kisu, kunyoosha mkono, na kuiweka kando ya kile ninachokitazama. Kama haifanani, inaonekana palepale: ina njano mno, ina baridi mno, imepauka mno. Ila hakikisha kisu kiko kwenye mwanga uleule. Na paleti yako isipigwe na jua moja kwa moja, la sivyo utachanganya rangi za giza bila kujua, na picha ukiiingiza ndani itakuwa kama imechorwa usiku.

Michanganyiko nitaitaja michache, kwa sababu mingine kila mtu ataipata kwa mti wake. Nyeusi na njano ya kadmiamu hutoa zeituni nzuri sana. Nyeusi nyingi za rangi ya mafuta zina ubluu ndani yake, na hilo wengi hawalijui. Altramarini na siena iliyochomwa, ukizidisha altramarini kidogo kisha ukaongeza njano ya udongo, hutoa kile kivuli cha ndani ya mti kinachopumua. Bluu ya Prussia ni kali, chukua ncha ya brashi tu, lakini ikikutana na njano ya kadmiamu inatoa ule mwako wa jani lililopenywa na jua ambao altramarini haiwezi kuutoa. Na kila kijani kikianza kupiga kelele, nyekundu kidogo hukinyamazisha. Kidogo. Ukizidisha unapata tope.

Nilipoteza kadi 11 za kwanza. Muuzaji aliniuzia karatasi akiniapia kwamba imeandaliwa kwa rangi za mafuta, na haikuwa hivyo. Baada ya wiki chache kila baka lilikuwa limezungukwa na duara la mafuta, karatasi imegeuka rangi na kuanza kukakamaa. Mafuta ya kitani hula karatasi isiyokingwa. Zile kadi zilikuwa na ile wiki ya chipukizi jekundu, ambayo hairudi mpaka mti uamue, na mpaka leo zinaniuma. Sasa kila karatasi naipaka jeso, ile rangi nyeupe ya kuikinga na mafuta, mara mbili mwenyewe, mbele na kingoni, simwamini mtu.

Hapo pia ndipo nilipojifunza jambo la rangi ya chini. Constable michoro yake mingi ya nje aliianza juu ya karatasi au kanvasi iliyokwisha kupakwa hudhurungi ya joto, wakati mwingine yenye wekundu. Nikachanganya siena na nyeupe kidogo, nikapaka juu ya jeso, nikaacha ikauke. Ukiweka kijani juu yake na usizibe kila mahali, vipande vya wekundu vinachungulia katikati ya majani. Kwa karibu vinaonekana kama makosa. Rudi hatua tano nyuma: majani yanatikisika. Ile ndiyo siku niliyosikia upepo kwenye picha yangu kwa mara ya kwanza, na sitaisahau.

Rangi peke yake isingenitosha. Nilikuwa bado sijajua kupima giza na mwanga. Finya macho mpaka kope zikaribie kukutana, na mti utapoteza majani yake yote ubaki matonge mawili matatu, la mwanga na la giza. Mimi tonge la giza nililichora jepesi mno, kwa sababu macho yakiwa wazi yanazoea kivuli na kuanza kuona mambo ndani yake. Kwa kawaida mchana wa jua anga ndiyo yenye mwanga kuliko vyote, ardhi iliyolala inafuata, na miti, kwa kuwa imesimama wima, ndiyo yenye giza zaidi. Nilipokubali kuuchora mwembe wangu ukiwa na giza kweli, mabaka machache yenye mwako yakaanza kuwaka bila kuongezewa njano. Na yale matundu ya anga yanayoonekana katikati ya matawi, usiyapake rangi ileile ya anga ya nje. Yapunguzie mwanga kidogo, na madogo zaidi yapunguzie zaidi. Ukiyaacha meupe yanaruka mbele kama vipande vya karatasi vilivyonasa mtini.

Miti ya mbali ilinichukua siku tatu tu. Hewa iliyo kati yetu na mti wa mbali hutawanya mwanga, na wa bluu hutawanyika zaidi, kwa hiyo mti unapauka, unapata ubluu, na giza lake linapungua. Njano ndiyo inayotangulia kuaga. Ondoa njano, ongeza nyeupe na altramarini, na mti unarudi nyuma wenyewe.

Miezi ikapita, kadi zikafika 60 na zaidi. Sijui niseme nini kuhusu kipindi kile zaidi ya kwamba nilikuwa na furaha. Nilianza kulijua jua linapogusa tawi lipi kwanza. Nilijua ndege gani anafika saa ngapi. Kuna buibui aliyekuwa akitandaza utando baina ya matawi mawili ya chini, na kwa wiki tatu nilimkuta pale, umande umeng'ang'ania nyuzi, na kwa sababu yake niliacha kusogeza kiti changu kwenda kushoto ambako mwanga ulikuwa bora.

Nilikuwa naendelea kusoma maisha ya Constable jioni. Alimpenda Maria Bicknell tangu mwaka 1809, babu yake Maria akapinga kwa sababu kijana hana kipato, wakangoja, wakaoana mwaka 1816. Wakapata watoto saba. Maria alikuwa na kifua kikuu, na ni kwa ajili ya afya yake walianza kwenda Hampstead, kwenye hewa ya kilimani. Kwa hiyo yale mawingu yote, yale niliyoyachukulia kama somo la uchoraji, yalichorwa na mume ambaye mkewe anaumwa. Maria alifariki mwaka 1828. Miezi michache baadaye, Februari 1829, Royal Academy ikamchagua kuwa mwanachama kamili, kwa tofauti ya kura moja, akiwa na miaka 52. Ukitazama anga zake za miaka hiyo ya mwisho utaona zimechafuka. Lakini hakuacha. Kila nikitaka kulala asubuhi nilimkumbuka.

Nilipoanza kanvasi kubwa sikupiga picha ya kamera. Kamera hutia weusi kwenye vivuli au huunguza anga, mara nyingi vyote viwili, na mimi vivuli vyangu nilikuwa nimeshavijua kwa majina. Nilizipanga kadi sakafuni kwa kufuata saa, nikachagua zile za saa mbili kasoro robo, siku za upepo mwepesi, nikachora kutoka hapo. Constable naye The Hay Wain hakuichora mtoni. Aliichora London, akitegemea michoro yake ya mahali penyewe na mchoro mkubwa wa majaribio wa ukubwa uleule wa picha.

Karibu na mwisho nilikwama. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado ukijani ulikuwa mzito, jicho linachoka. Nikarudi kwenye kitabu, nikaitazama The Hay Wain kwa kioo cha kukuzia. Farasi wanaovuta lile gari wana vazi jekundu shingoni. Ni mabaka madogo mno kwenye picha yenye upana wa karibu mita mbili, na ukiyafunika kwa kidole, bonde zima linafifia. Nyekundu inakaa upande wa pili wa kijani kwenye duara la rangi. Zikikaa jirani kila moja humpandisha mwenzake. Na mimi nyekundu nilikuwa nayo muda wote, juu kabisa ya mti wangu. Nikachukua siena, ile nyekundu ya zambarau na njano kidogo, nikaweka yale machipukizi ya shaba kwenye ncha tatu za matawi. Tatu tu, brashi imegusa na kuondoka.

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo. Amekuwa mrefu. Hakusema lolote kuhusu kanvasi. Alikaa sakafuni akaanza kuchambua zile kadi, anaziinua moja moja.

"Baba mdogo, hii mvua ilikuwa inakuja."

Nikaichukua nikaigeuza. Nyuma nilikuwa nimeandika: saa mbili na dakika kumi, upepo wa ghafla kutoka kusini, wingu zito, nimefunga mapema. Mbele hakukuwa na anga hata kidogo, ni mabaka matano ya kijani.

Sasa nashughulika na magharibi. Jua likishazama, kwa takribani dakika 20, yale majani mekundu ya juu yanakuwa meusi kwanza huku ya kijani yakibaki na mwanga wake, kwa sababu jicho katika giza hupoteza nyekundu mapema. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, alilieleza jambo hilo karne mbili zilizopita. Shida ni kwamba paleti nayo iko kwenye giza hilohilo, na siwezi kujua nachanganya nini. Kwa hiyo naandaa rangi mchana, naziweka kwa mstari, kutoka ya joto hadi ya baridi, nakariri mpangilio wake kwa vidole. Jana niliwahi kuweka mabaka sita kabla hakujaingia giza. Mawili yalikuwa sawa.